Gazi isiyongoja hewa: asetilini katika gereji za Lubumbashi

Mtu aliyezoea gazi ya jikoni akiingia gereji huja na kanuni moja kichwani: gazi haina neno mpaka ikutane na hewa na cheche. Kwa butani kanuni hiyo inatosha. Kwa asetilini, gazi ya kuchomelea vyuma, haitoshi hata kidogo. Molekuli yake imebeba nguvu ndani yake kama mtego uliotegwa. Ukiibana kupita kiasi, au ukiipasha moto ikiwa imebanwa, inaweza kuvunjika yenyewe ikawa masizi na hidrojeni, ndani ya chuma kilichofungwa, bila chembe ya oksijeni, na mgandamizo ukapanda hadi karibu mara 11 ya ulivyokuwa. Sisi tunaoshika shalumo, yaani mpini unaotoa moto wa kuchomelea, kila siku, kuanzia Kamalondo hadi Ruashi, tumejifunza kuanzia hapo. Makosa mengi yanayoumiza watu katika kazi hii huanza pale fundi anapoichukulia asetilini kama ndugu wa butani.

Hata ikikutana na hewa, ni kali zaidi. Butani inawaka ikiwa kati ya takribani asilimia 2 na 8.5 ya hewa. Ikizidi hapo haishiki. Asetilini inaanza kwenye 2.5 na kupita 80. Maana yake chumba kilichojaa gazi hakiwi salama eti kwa kuwa gazi imezidi. Na cheche inayohitaji ni ndogo mno: ile inayoruka ukivua sweta asubuhi ya baridi ya Julai, hewa ikiwa kavu, inatosha na kubaki.

Mano, kile kifaa cha juu ya chupa kinachopunguza na kuonyesha mgandamizo, kwa asetilini ina mstari mwekundu kwenye bari 1.5 (bari ni kipimo cha mgandamizo), na mwanafunzi wa kwanza huuliza kwa nini, wakati ile ya oksijeni inaruhusiwa kwenda mbali zaidi. Jibu ni lile lile: asetilini ikiwa huru kwenye tuyo (bomba la mpira linalopeleka gazi) au tanki, ukiipandisha juu ya hapo unaingia eneo ambalo mshtuko mdogo unaweza kuianzisha kuvunjika. Wengi wetu hatufiki hata nusu ya mstari. Kwa kuchomelea bati na bomba, bari 0.2 hadi 0.5 za asetilini zinatosha. Moto ukiwa dhaifu, dawa ni kubadilisha ncha ya shalumo. Skrubu ya mano iache ilipo.

Mbona basi chupa yenyewe ina bari 15 na hailipuki? Kwa sababu ndani yake hakuna uwazi. Imejazwa kitu kigumu chenye vitundu vidogo mno, kama sponji la jiwe. Sponji hilo limelowa asetoni, na asetilini imeyeyuka ndani ya asetoni kama gazi inavyoyeyuka kwenye soda. Kuvunjika kukianza, kunafia kwenye vitundu kabla ya kushika kasi. Msweden Gustaf Dalén, aliyetengeneza mmoja wa mijazo hiyo, alipofuka mwaka 1912 akijaribu chupa za asetilini, na mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwa hiyo anayehamisha asetilini kutoka chupa yake kwenda chupa tupu ya butani au tanki la kompresa anaitoa gazi kwenye nyumba pekee inayoweza kuihifadhi na kuiweka kwenye bomu. Tumekwisha kusikia wazo hilo likitolewa kwa nia njema, eti “tugawane nusu nusu”. Haigawanywi.

Asetoni ndiyo sababu chupa haitumiki ikiwa imelala. Ikilala, valvu inatoa asetoni pamoja na gazi. Moto unaanza kutema na kubadilika rangi, mpira wa tuyo unalainika kwa ndani, na chupa inarudi kwa mjazaji ikiwa na asetoni pungufu, jambo ambalo ni hatari kwa atakayeitumia baadaye. Chupa iliyofika kwa pusupusu ikiwa imelala isimamishwe na kuachwa. Sisi tunaiacha imesimama usiku mzima, tunafungua asubuhi. Na iliyoanguka ikabonyea haifungwi mano hata kama haivuji, maana mjazo wa ndani unaweza kuwa umepasuka na kuacha uwazi, na uwazi ndio tusioutaka.

Asetoni inaleta pia jambo ambalo mafundi wengi hawalijui mpaka waone: chupa ina kasi yake ya kutoa gazi. Kanuni tunayoishika ni sehemu 1 ya 15 ya ujazo kwa saa kwa kazi ya mfululizo, na sehemu 1 ya 10 kwa kazi ya vipindi vifupi. Chupa ya mita 6 za ujazo, yaani lita 6,000, itakupa lita 400 kwa saa bila kulalamika. Sasa angalia ncha za shalumo za mtindo wa Kifaransa tunazotumia hapa: namba iliyochongwa ndiyo lita za asetilini kwa saa, 100, 160, 250, 400. Kipimo cha mkono ni lita 100 kwa kila milimita 1 ya unene wa chuma, kwa hiyo bati la milimita 2 linataka karibu 200. Hapo uko salama. Lakini shalumo kubwa ya kupasha chesisi ili inyooke inaweza kula lita 1,000 na zaidi, na chupa moja haiwezi. Inanyonywa asetoni. Kazi hiyo inataka chupa tatu zilizounganishwa, au iachwe.

Tukija kwenye shaba, hapa ndipo Lubumbashi inatofautiana na mji mwingine wowote wa mafundi. Mji huu ulizaliwa kwa ajili ya shaba. Tangu 1971 hadi 1997 mkoa mzima uliitwa Shaba. Vipande vya bomba la shaba vinapatikana kila kona: vya friji, vya kiyoyozi, vya nyaya nene, vingine havijulikani vimetoka wapi na si vizuri kuuliza. Ni laini, vinapindika kwa mkono, vinaingia kwenye tuyo kama vimepimwa. Kwa hiyo tuyo ya asetilini ikipasuka, mkono unaenda wenyewe kwenye kipande cha shaba cha sentimita 10 na kolye mbili, zile pete za kukazia tuyo.

“Papa, tuyo imekatika hapa katikati. Niunge na katuyo ka shaba?”

“Hapana, mtoto. Leta ile ya njano.”

Asetilini ikikaa ndani ya shaba nyekundu, hasa kukiwa na unyevu, inatengeneza juu ya ukuta wa bomba utando mwembamba wa rangi nyekundu ya kahawia, unaozidi kuwa mweusi. Utando huo ni baruti. Ukiwa umelowa ni mpole kiasi. Ukikauka, kukwaruza, kugonga au kupasha joto kunatosha kuulipua, nao unawasha gazi iliyo kwenye tuyo. Ubaya wake ni kwamba hauonyeshi dalili. Kiungo kinafanya kazi mwezi, miezi mitatu, hakivuji, fundi anajisifu. Siku anayolipuka nacho ni siku ya usafi: amefungua kolye, kipande hakitoki, anaingiza waya ndani ili akwaruze uchafu.

Ukikuta kiungo cha namna hiyo, funga chupa, toa gazi yote nje penye upepo, usigonge wala usikwaruze, kilowanishe kwa maji mengi, kata tuyo mbali nacho pande zote mbili, na kipande chote kitoke kazini kikiwa kimelowa. Usijaribu kuokoa kolye. Bei ya kolye ni ndogo kuliko kidole.

Shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki, inaruhusiwa ikiwa shaba ndani yake haizidi asilimia 70. Viungo vya dukani vilivyotengenezwa kwa ajili ya asetilini vinafuata kiwango hicho. Kile kilichomiminwa na fundi wa kuyeyusha vyuma hakina anayejua kina nini. Rangi ya njano peke yake si ushahidi. Fedha nayo imo katika marufuku hii, kwa hiyo hata risasi ya fedha ya kulehemu ya mafundi wa friji haifai kuunganishia bomba la asetilini.

Mjanja atauliza: mbona ncha ya shalumo ni ya shaba nyekundu? Swali zuri, na linaulizwa kila mwaka. Kwenye ncha gazi inapita tayari ikiwa imechanganyika na oksijeni, haikai, na ncha yenyewe ni fupi. Marufuku ni kwa bomba, viungo na mano, mahali asetilini inapokaa peke yake usiku kucha.

Moto kurudi nyuma ni hadithi nyingine. Ncha ikigusa chuma kinachoyeyuka, ikiziba kwa tone, ikipata joto kupita kiasi, au mgandamizo ukiwa umepangwa vibaya, moto unaingia ndani. Mara nyingi unasikia “pa!” moja na unazimika, hapo funga, poza ncha kwa maji oksijeni kidogo ikiwa inapita, safisha tundu kwa sindano yake, anza tena. Lakini ukisikia mluzi mwembamba ndani ya mpini na mpini ukapata moto, basi moto umeshakaa ndani. Funga oksijeni ya shalumo kwanza, kisha asetilini, kisha chupa zote mbili. Wakati wa kuzima kwa kawaida mpango ni kinyume: asetilini kwanza. Wengi wanachanganya, na sababu ndiyo inayosaidia kukumbuka. Moto wa ndani unalishwa na oksijeni, kwa hiyo unanyimwa oksijeni. Moto wa nje unalishwa na asetilini, unanyimwa asetilini.

Kabla ya kuwasha, kila tuyo ipulizwe peke yake kwa sekunde chache, ndefu kwa muda zaidi. Tuyo iliyolala usiku inaweza kuwa na mchanganyiko wa gazi zote mbili ndani, na mchanganyiko huo ukiwashwa unakimbia hadi kwenye mano. Kizuia moto kifungwe kwenye mano zote mbili, na valvu ya kuzuia kurudi ifungwe kwenye shalumo. Ni vitu viwili tofauti: valvu inazuia gazi isirudi, haizuii moto. Sokoni utauziwa moja ukiambiwa ndiyo nyingine. Kizuia moto kilichokwisha kupigwa na moto kinajaa masizi. Kama gazi inapita kwa shida, tupa.

Valvu ya chupa ya asetilini inafunguliwa mzunguko 1, isizidi 1 na nusu, na ufunguo unabaki pale pale juu yake. Ufunguo ukiwa mfukoni mwa fundi aliyekwenda kula bukari, chupa haina wa kuifunga. Kuvuja kunatafutwa kwa povu la sabuni, si kwa kibiriti. Na upande wa oksijeni hapaingii mafuta wala grisi, hata ya mikono. Hiyo inajulikana, ila bado tunawaona watu wakijipuliza vumbi la ovaroli kwa oksijeni. Kitambaa kilichoshiba oksijeni kinawaka kama petroli.

Wasioweza kupata chupa wanatumia karbidi, yale mawe yanayotoa asetilini yakikutana na maji, na hatuwezi kujifanya haipo. Umeme ukikatika siku tatu, mtambo wa karbidi unafanya kazi. Kilo 1 ya karbidi ya sokoni inatoa takribani lita 250 hadi 300 za asetilini, na inatoa joto ambalo lingechemsha takribani lita 5 za maji kutoka ubaridi wa kawaida. Watu wanahesabu gazi, wanasahau joto. Karbidi ikipata maji machache inajipasha yenyewe, gazi inaharibika, na tope linageuka manjano au kahawia badala ya kuwa jeupe la kijivu. Rangi hiyo ni onyo. Maji yawe lita 8 hadi 10 kwa kila kilo, na karbidi ndiyo iingie kwenye maji mengi kidogo kidogo. Unga wa chini ya pipa usimwagwe wote kwa pamoja, maana unga unamaliza kazi yake kwa kishindo kimoja.

Mtambo wa kienyeji una kasoro tatu zinazojirudia. Hauna kipimo cha mgandamizo, kwa hiyo hakuna anayejua kama umepita bari 1.5, mzuri ni ule wa kengele, yaani chombo kilichopinduliwa, inayoelea juu ya maji, kwa kuwa gazi ikizidi inatoka yenyewe kwa chini. Hauna mtungi wa maji kati yake na shalumo, ule ambao gazi inapita ndani ya maji ili moto ukirudi ufie humo. Au unao, lakini maji yalikauka wiki iliyopita. Na dakika za kwanza una hewa ndani. Gazi ya mwanzo iachwe itoke nje bila kuwashwa, mbali na jiko la makaa, angalau mita 5, na mtambo ukae uani, kamwe si ndani ya banda.

Harufu ya kitunguu saumu inayotambulisha karbidi haitoki kwenye asetilini yenyewe, ambayo ikiwa safi hainuki. Inatoka kwa fosfini na uchafu mwingine, na fosfini ni sumu. Kichwa kikiuma karibu na mtambo, sababu inaweza kuwa hiyo, si jua.

Tope la chokaa linalobaki mtamboni linachoma macho. Likiingia, maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Tena tope hilo bado linatoa gazi kwa saa nyingi, kwa hiyo halimwagwi mtaroni. Msimu wa mvua, pipa la karbidi lifungwe kabisa na liinuliwe juu ya matofali. Kifaa cha kulifungulia kisiwe tindo ya chuma inayorusha cheche. Mtambo ukitoboka, hauchomelewi eti kwa kuwa ulimwagwa jana. Unaoshwa, unajazwa maji mpaka juu, unabaki nafasi ndogo tu pale penye kazi, na bado wengi wetu tunapendelea kuziba kwa njia nyingine.

Kusafirisha ni pale watu wenye akili timamu wanapofanya mzaha. Chupa kwenye buti la teksi. Fanya hesabu: buti la lita 500 linahitaji lita 12.5 tu za asetilini kufika kwenye kiwango cha kuwaka. Valvu inayovuja lita 1 kwa dakika, mvujo ambao usingeusikia kwa kelele za barabara ya Kasumbalesa, inafika hapo chini ya robo saa. Dereva anafunga milango kwa rimoti, cheche inaruka kwenye kufuli. Chupa isafiri juu ya gari la wazi, imesimama, imefungwa kamba, mano imeondolewa na kofia imewekwa.

Asubuhi za baridi mgandamizo wa chupa unashuka na mano inaonyesha kidogo. Chupa haijaisha. Iwekwe juani, au ipimwe kwenye mizani: uzito mtupu umechongwa begani, na kilo 1 iliyozidi ni takribani lita 900. Kuiwekea moto wa makaa chini, jambo tunaloendelea kuliona, ni kuomba kuvunjika kule kule tulikoanza nako. Valvu ikiganda, maji ya vuguvugu yasiyounguza mkono yanatosha.

Na chupa ambayo moto ulirudi hadi kwenye mano? Funga valvu ukiweza, kisha weka kiganja juu ya bega la chupa. Ikiwa baridi, rudia kila dakika chache. Ikiwa ya vuguvugu bila jua wala moto wa nje, ndani imeanza kuvunjika: usiisogeze, usiilaze, usiifungue eti ipumue. Watu waondoke hadi mita 200, na maji yarushwe kutoka nyuma ya ukuta, kwa wingi, saa 1 nzima bila kukatiza. Halafu simamisha maji na uangalie kwa mbali. Chupa ikibaki imelowa, joto limetoka. Ikikauka haraka au ikitoa mvuke, rudisha maji. Hata ikipoa kabisa haiunganishwi tena na mano. Mjazaji ndiye aichukue, naye aambiwe wazi ilipitia nini.